Kiingereza cha Bwana Shekuwe

Tulipomzika Mwalimu Twalibu mwaka huu, baada ya sala ya alasiri, msomaji alichuchumaa upande wa kichwa cha kaburi akamsomea talqini kama tunavyomsomea kila maiti wetu: watakapokuja malaika wale wawili kukuuliza Mola wako ni nani, sema hivi, wakikuuliza Mtume wako ni nani, jibu hivi. Mimi nilikuwa nimesimama na udongo mkononi, na lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu nimjue kuna mtu anamfundisha Twalibu la kusema na Twalibu hana la kurekebisha. Msomaji mwenyewe alikuwa kijana, na kwa woga akaliuma neno moja la Kiarabu. Nikaona wazee wawili mbele yangu wanainamisha vichwa kutazama ule udongo, kwa mazoea tu, kama watu wanaongoja sauti itoke. Siku chache kabla ya hapo, akiwa hoi kitandani, alikuwa amemsahihisha jirani aliyemtakia nafuu kwa Kiingereza katika kundi la mtaa la simu. Jirani akaomba radhi, akaandika upya, akakosa pengine. Twalibu akasahihisha na hapo. Basi kwenye hitima, sinia zikiwa bado hazijaletwa, watu walishindana kwa sauti za chini: mmoja akisema marehemu alikuwa na elimu bila adabu, mwingine akisema adabu ya kumwachia mtu kosa lake ni adabu ya mchuuzi anayekuachia nguo ina tobo. Waligeuka kunitazama mimi, kwa kuwa nilimjua zaidi, na kwa kuwa ni mchuuzi. Nikasema chai iko wapi. Sikuwa na jibu fupi. Nilikuwa na mwaka mzima.

Ukoo wangu nauacha. Hauna mchango katika habari hii isipokuwa kwamba unatoka Mbwajumali, kijiji cha kisiwa cha Pate, jambo ambalo mtu wa Amu, yaani mji wa Lamu, hakubali ulisahau. Mwaka ule, miaka mingi nyuma, nilikuwa kijana wa kusimama gatini, pale mashua zinapofunga. Wageni waliteremka kwenye ndege kule Manda, wakavushwa kwa mashua, na kabla mguu haujagusa ngazi mimi nilikuwa nimeshahesabu mikoba yao, nikahesabu tena, kwa sababu idadi ya mikoba haisemi uongo kama idadi ya nyota anazodai mgeni amezoea kulala chini yake hotelini. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka kula kwa Bwana Shekuwe, mtaa wa Mkomani. Kiingereza nilikijua cha kutosha, lakini nilikivunja makusudi. Mgeni akisikia Kiingereza kilichonyooka kutoka kwa kijana wa gatini, mkono wake huenda mfukoni, na hauendi kutoa, unakwenda kulinda. Ukikivunja hapa na pale, anatabasamu, anakusaidia neno, na mtu aliyekusaidia neno hawezi tena kukataa chakula chako cha mchana. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo juu ya makosa kabla ya Twalibu kurudi.

Nyumba ya Bwana Shekuwe ilikuwa ya mawe, ya zamani, yenye daka la kukaa nje, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani wazi kwa mbingu, kisha msana wa chini, yaani ukumbi mrefu na mwembamba, ukuta wake wa ndani umejaa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vinavyowekwa vyombo vya kauri. Hapo ndipo mkeka ulipotandikwa na sinia kuwekwa. Bi Amina, mkewe, alipikia juu darini na vyakula viliteremka kwa ngazi: wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya ndimu iliyomliza mgeni akadai ni moshi. Bwana Shekuwe hakula. Aliketi kwenye kiti kirefu cha mpingo akaisimulia nyumba. Kiingereza chake alikiokota bandarini Mombasa alipokuwa kijana, neno kwa baharia huyu, neno kwa yule, kila neno na bendera yake, na alikitumia bila hofu yoyote. Kwa Kiingereza hicho hakuna maiti aliyekufa. Babu yake aliyejenga msana alikuwa bado anaujenga. Bibi yake aliyefariki kwa homa alikuwa bado anaugua chumba cha ndani, na nimewaona wageni wakishusha sauti wasimsumbue. Walisahau samaki mkononi. Mmoja alilia kabisa, na siku hiyo hakukuwa na achari.

Na huyo huyo Bwana Shekuwe hakupitisha kosa la mtu katika Kiswahili. Karani wa kutoka bara alikuja siku moja na habari za serikali, akasema nchi yetu hivi, nchi yetu vile. Bwana akamwinulia kidole. "Nti, bwana. Nti. Ukiwa hapa, nti." Mimi wa Mbwajumali, kila nikifungua kinywa alinirudishia neno langu limepigwa msasa wa Kiamu. "Kombo, husemi hivyo mbee za watu. Watadhani nyumba yangu haina mlango, kila kitu chaingia." Nilikubali. Kwangu kusahihishwa ilikuwa ushuru wa kuingia mjini: unalipa, unapita, hununi. Sikujiuliza siku hizo kwa nini yeye ndiye aliyesimama langoni.

Twalibu alikuwa mwana wa nduguye Bwana Shekuwe. Alirudi mwaka ule kutoka chuo cha ualimu, mrefu, mwembamba, na Kiingereza kilichopigwa pasi. Kabla ya kwenda huko alikuwa amehifadhi Qur'ani yote, hivyo aliheshimiwa mara mbili. Alikuwa ameposa kwa ami yake, amepewa Zena, binti wa pekee wa nyumba ile. Desturi ya Amu mnaijua: mwenye binti ndiye mwenye kutoa mahali, na bwana harusi huingia na sanduku lake kama mgeni asiyeondoka. Msana wa juu ulikuwa umeshaanza kupakwa chokaa kwa ajili yao. Fundi alipanda na kushuka na ndoo nyeupe, na harufu ya chokaa mbichi ilichanganyika na ya samaki. Kwa hiyo kila mtu mtaani alijua kuwa mkwe huyu na mzee huyu watakula sinia moja maisha yao yote, na hakuna aliyeona tatizo. Tatizo lilikuwa chakula cha mchana.

Siku ya kwanza Twalibu alikaribishwa kuketi na wageni. Bwana Shekuwe akaanza habari ya babu na boriti za mikoko. Katika sentensi ya pili Twalibu akasema, kwa sauti ya upole kabisa, namna inavyotakiwa kusemwa. Bwana akafikiri amesikia vibaya, akaendelea. Twalibu akasema tena. Mgeni mmoja, mwanamke mzima mwenye kofia ya ukili niliyomuuzia mwenyewe asubuhi, akaangalia wali wake. Bwana akabadili sentensi, kama mtu anayehama upande wa ndia kukwepa punda, na punda naye akahama: Twalibu akarekebisha na ile mpya. Hakukuwa na shari usoni mwake. Alikuwa na uso wa mtu anayekuondolea uzi begani. Nikaona mkono wa Bwana Shekuwe umesimama juu ya mkono wa kiti, vidole vimekunjuka. Akageuka kwangu akasema Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wageni.

"Kombo, waambie chakula kimekwisha."

Chakula hakikuwa kimekwisha. Samaki mzima alikuwa katikati ya sinia anatutazama. Niliwaambia wageni kwamba kwa mila yetu samaki wa mwisho haliwi, na hadi leo kuna watu huko kwao wanaoamini hivyo.

Nilipandisha vyombo darini nikakuta Bi Amina na Zena wameshasikia kila kitu. Kiwanda kile kilipandisha sauti kama kisima. Sikuingia. Nilisimama ngazini na sinia, na kusimama ngazini si kosa, sinia lilikuwa zito.

"Mama, ni kweli baba alikosa?" Zena aliuliza.

"Alikosa. Akosa tangu kabla hujazawa. Na wageni waya kula tangu kabla hujazawa."

"Twalibu hataki ubaya, mama. Hawezi kuyazuia tu. Ni kama mtu wa mafua, wamwambia asipije chafya."

"Na apije. Asimpijie babako usoni." Nikasikia chungu kinawekwa chini kwa nguvu. "Kombo! Hilo sinia lakuya ao lasikiza?"

Yaliendelea hivyo kwa majuma. Twalibu alijitahidi, na kujitahidi kwake kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu alikaa kimya sentensi tatu na ya nne ikamponyoka na hasira ya tatu zilizotangulia. Hatimaye Bwana Shekuwe akamwita dakani, kwenye daka lenyewe la mbele ambapo wapita ndia wote wanaona. Nami nikaambiwa nikae. Nilijua kwa nini: katika biashara, mtu anayetaka neno lishike huita shahidi asiye na hisa.

"Twalibu," Bwana alianza, "wanitakia nini?"

"Kheri, Ami. Wallahi kheri. Wageni hawa wakitoka hapa wanakucheka."

"Wanicheka mbee yangu ao nyuma yangu?"

"Nyuma, Ami."

"Basi wao wana adabu kukushinda. Weye wanisahihisha mbee."

Twalibu akainua uso. "Mbona Ami humsahihisha Kombo mbele za watu? Na yule karani?"

Hapo nilitazama viatu vyangu. Lilikuwa swali zuri mno kwa mtu anayetaka kuoa. Bwana Shekuwe akatazama ndia. Punda alipita na mawe, akapita na wa pili.

"Mimi namrudisha mtu kwangu," akasema. "Kiswahili hiki ni nyumba yangu. Akikosa mlango namwonyesha. Hicho Kiingereza si nyumba yangu wala yako. Sote wawili ni wapangaji mle. Tangu lini mpangaji akamkemea mpangaji mwendake kwa kuweka kiti vibaya?"

"Lakini Ami, mpangaji naye…"

"Nyamaa. Sikiza. Tangu leo, neno langu lolote, hata ukiliona lazama, usilinyoshee mkono. Lolote. Siku utakapolinyoshea, Zena si wako, na chokaa ile nitampakia mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia, Ami."

"Kombo, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Niliyasikia yote, na likanishika lile "lolote". Mimi neno kama hilo siliweki katika bei hata siku moja, maana ukilitoa hujui umetoa nini.

Sasa ninapoukumbuka mwaka ule, si makelele ninayoyakumbuka, ni kile kimya kilichofuata. Twalibu aliketi kwenye sinia kila siku na hakusema neno. Lakini mwili wake ulisema. Kosa likitoka, macho yake yalipanda kwenye boriti za dari, yakakaa huko kidogo, yakashuka. Bwana Shekuwe akaanza kuyatazama macho yale kuliko anavyowatazama wageni. Sentensi zake zikafupika. Maneno aliyokuwa akiyarusha kama nyavu akaanza kuyatoa moja moja, kama mtu anayetafuta sarafu isiyo bandia. Akamwacha bibi chumba cha ndani, akaacha homa, akabaki na boriti na urefu wa ukuta. Wageni walikula, wakashukuru, wakaondoka mapema. Niliona na nikaona tena, maana jambo kama hilo unatamani ulikose mara ya kwanza: nyumba ilikuwa inafungwa kutoka ndani. Na juu, Zena aliacha kuimba anapokuna nazi.

Siku moja nilimshika Twalibu kichochoroni, sehemu ile nyembamba ambapo mtu hawezi kukupita bila ruhusa yako.

"Mwalimu, mimi nakosa kuliko ami yako. Mbona hunisahihishi?"

Akanitazama vizuri. "Wewe hukosi, Kombo. Wewe unauza."

Sikujua kama ni sifa. Nikamwuliza tena: kinachomuuma nini, kosa lenyewe, au kwamba watu watajua ni ami yake? Akaegemeza bega ukutani. Akasema kule chuoni siku ya kwanza alifungua kinywa akazungumza Kiingereza alichojifunza kwenye sinia hilohilo, kwa ami yake, tangu utotoni, na darasa zima likacheka hadi mwalimu akatoka nje kujizuia. "Nilikuwa nadhani hicho ndicho Kiingereza," akasema. "Sikuambiwa na mtu. Miaka yote ile, mtu yeyote angeniambia." Kisha akapita, na nilimpisha. Nilikuwa nimekuja na hoja mbili nzuri, nikarudi nazo bila kuzitumia.

Ndipo likaja jambo la msikitini. Imamu wa msikiti wetu mdogo alikwenda Mbwajumali kwenye msiba, na jioni ile watu wakamtanguliza Bwana Shekuwe asalishe magharibi. Alikuwa na sauti, na alijua ana sauti. Magharibi ni sala ya sura fupi. Watu wana njaa. Lakini mtu ambaye kwa majuma hajapata kumaliza sentensi kwake alitaka, nadhani, kusema kitu kirefu. Akaingia sura ndefu. Rakaa ya kwanza ilikuwa nzuri mno hata mimi nikasahau njaa. Rakaa ya pili akafika kwenye aya ambayo ina pacha wake katika sura nyingine, ndia mbili zinazofanana, na akashika isiyo yake. Akajua. Akarudi nyuma, akaianza tena. Akafika palepale.

Asiyesali na watu wetu hatajua uzito wa hapo. Imamu akipotea kisomo, aliye nyuma yake anayekijua humfungulia: humsomea lile neno kwa sauti, imamu hulishika akaendelea. Si aibu. Mfalme hufunguliwa, na kinda wa chuo cha Qur'ani akiwa anajua humfungulia shekhe mwenye ndevu, na shekhe humshukuru. Maneno yale hayana mwenyewe duniani, kwa hiyo hakuna wa kuona haya. Mimi nilikuwa na juzuu ya mwisho tu. Sura ile nilikuwa naifahamu kwa kuisikia. Wazee wa safu ya mbele niliwajua, uwezo wao ulikuwa kama wangu. Aliyekuwa anaijua yote, nyuma, mbele na kwa kulala, alisimama nyuma tu ya imamu, safu ya kwanza, bega kwa bega nami. Twalibu.

Bwana Shekuwe alirudia mara ya tatu. Nikahisi bega la Twalibu limekakamaa kama jiwe la mlango. Nikasikia pumzi yake inaingia, nikasema moyoni haya, sasa. Haikutoka. Bwana akarudia tena, kwa haraka, kama anayetaka kuruka mtaro. Mtu wa safu ya nyuma alikohoa. Tena akarudia. Kisha kwa ghafla akasema Allahu Akbar akarukuu, aya imekatika katikati, na sisi sote tukarukuu na lile pengo juu ya migongo yetu.

Baada ya salamu hakuleta nyuradi ndefu. Alitoka, akakaa kwenye baraza ya mawe mlangoni, akangoja. Watu walitoka polepole na hakuna aliyekwenda zake. Twalibu alipotokea, Bwana hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

"Kwa nini hukunifungulia?"

"Ami…"

"Waliacha wakongwe hawa kwa kutoyua. Weye wayua. Umeniacha nazama ndani ya Qur'ani, mbee za Mungu na mbee za muyi mzima. Kwa nini?"

Nilidhani atasema lile la dakani: ulisema neno lolote. Nilikuwa hata nimeshajiandaa kuitwa shahidi. Na huo ungekuwa ndio mwisho wa posa, kwa sababu kumshika mzee kwa maneno yake mwenyewe mbele ya msikiti ni kumvua kanzu. Twalibu aliliona hilo, nafikiri. Akajifuta mikono pajani.

"Hukunyamaza, Ami," akasema.

"Nini?"

"Tulisoma hivyo chuo cha Qur'ani. Imamu angali akirudiarudia, hafunguliwi. Anaachwa ajitafutie. Akinyamaza, ndipo anafunguliwa. Nilikuwa na neno hapa mdomoni. Nilikuwa nangoja unyamaze. Hukunyamaza."

Bwana Shekuwe akamgeukia muadhini, mzee aliyekuwa amekaa na sisi tangu kabla ya baraza ile kujengwa, na muadhini akaitazama bahari, akatazama kofia yake, na mwisho ikambidi aseme. "Ndivyo, Bwana Shekuwe. Akinyamaa ndipo. Na weye…" akajikuna shingo, "weye kunyamaa si kazi yako."

Mtu mmoja alicheka kisha akajifanya amechomwa na kitu. Bwana akainuka akaenda kwake. Hakusema posa imevunjika na hakusema haijavunjika. Asubuhi yake fundi wa chokaa alipokuja, alikuta mlango wa ngazi ya juu umetiwa kufuli. Akaweka ndoo yake dakani, akaniuliza asubiri au arudi, nami nikamwonyesha kufuli. Akarudi kwake.

Siku hiyo nilikuwa na wageni, nimewaahidi tangu gatini. Nilipanda kumwambia Bi Amina idadi, na Zena akaniita nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Sikumwona ila ncha ya kidole kwenye kitambaa.

"Kombo, niambie kulikuwa nini msikitini. Usinipunguzie."

Nikamwambia bila kupunguza, na kwa mtu wa biashara yangu hilo ni jambo la kuandikwa. Nilipofika kwenye "hukunyamaza," kidole kikaondoka kwenye pazia. Nikadhani analia.

"Ni kweli," akasema. "Baba hajanyamaa tangu nizawe. Hata usingizini hasemi kidogo." Halafu sauti ikawa nyingine. "Mwambie Twalibu aye leo, ale na wageni."

"Na Bwana?"

"Baba hamwinui mtu kwenye sinia. Hajapata. Mwambie aye chakula kikishawekwa."

Nilimpelekea salamu hizo nikijua kuwa zikiharibika mimi ndiye mwenye miguu iliyozibeba. Twalibu alikuja. Wageni wameshanawa, wali umefunuliwa, mvuke unapanda kwenye zidaka, na yeye akatokea kiwandani na kanzu nyeupe, akasimama pale mwanga unapoishia. Bwana Shekuwe alimwona. Nikasikia juu darini hakuna chungu kinachogongana, hakuna anayekuna, hakuna anayetembea. Wanawake wawili wamesimama kwenye ukingo wa kisima kile cha sauti. Bwana alimtazama mgeni huyu, akamtazama yule, akanitazama mimi vibaya. Kisha akaonyesha mkeka kwa kidevu. Twalibu akakaa, mbali, kwenye kona ya mlango.

Bwana akaanza kusimulia. Nilishangaa: hakusimulia boriti. Alisimulia jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema kwa lugha yoyote, siku aliyoshuka melini Mombasa mara ya mwisho, kijana, na barua imekuja kwamba mama yake yuko mahututi, na hakuna chombo cha kuja Amu hadi keshokutwa. Kiingereza kilikuwa kile kile, kimevunjika kila pembe, na Twalibu hakuyainua macho. Aliyaweka kwenye sahani yake tupu. Bwana akafika aliposimama nje ya mlango wa nyumba hii na kumkuta mtu anatoka na ufagio, na kwa ufagio ule akajua kuwa mazishi yamekwisha. Akataka kusema alichokisikia kifuani. Akatafuta neno. Alikuwa na tabia, neno likikosekana, ya kuvuta lolote lililo karibu na kulisukuma mahali pake. Nikaona mdomo unafunguka kulivuta.

Ukafumba.

Bwana Shekuwe akanyamaza. Mbele ya wageni, katikati ya sentensi yake, kwenye kiti cha baba yake, akanyamaza, na hakuongeza kitu juu ya kimya chake, wala kikohozi, wala mkono. Kazi yangu ni kuziba vimya. Nilikuwa na birika mkononi na ulimi umejaa mizaha, na nikauma vyote viwili, kama birika lingeumika. Mgeni mmoja akaacha kutafuna. Bwana akageuza kichwa, si chote, kiasi cha sikio tu, kuelekea kona ya mlango.

Twalibu alingoja. Sitasahau kwamba alingoja: akahakikisha kuwa ni kimya kweli na si pumzi. Kisha akalisema neno, moja, kwa sauti ya mtu wa safu ya kwanza, sauti inayofika kwa imamu na isiende mbali zaidi. Bwana akalishika. Alilisema na matamshi yake ya bandarini, si ya chuoni, na akaendelea nalo hadi mwisho wa habari, na wale wageni hawakujua kuwa kuna kitu kimepita.

Walipoondoka, Bwana Shekuwe alinawa mikono ingawa hakuwa amekula. Nilimmiminia maji. Twalibu alikuwa bado amesimama kona ileile, kama mtu aliyeambiwa asubiri bei. Bwana akajifuta kidole kimoja kimoja bila kumtazama yeyote, akatoa ufunguo mfukoni mwa kikoi akaniwekea kwenye sinia.

"Kamwite fundi wa chokaa," akasema. "Mwambie akizidi kulala, harusi itamkuta yuu ya ngazi na ndoo yake." Halafu, bado hajamtazama, akaongeza kwa Kiingereza sentensi moja ndefu, ya kumwambia mkwewe nyumba ni yake aingie kwa amani, na sentensi ile, nawaapia, hakukuwa na kiungo ndani yake kilichokaa mahali pake.

Twalibu akafumbua kinywa. Mpaka leo sijui ilikuwa kushukuru au kurekebisha, wala sikungoja nijue. Nilimkanyaga mguu, kwa nguvu, kwa faida ya pande zote mbili.